Picha moja, neno moja: kwa anayeanza kuchora michezo ya chemshabongo ya watoto

Mchezo wa kwanza niliouchorea ulimtaka mtoto atazame picha, kisha apange vigae vya silabi hadi neno likamilike. Kwa neno "kuku" nilichora ndege mwenye upanga mwekundu wa kupendeza kichwani, na nilijivunia sana upanga ule. Watoto walipoiona picha walisema "jogoo", wakaanza kutafuta silabi "jo" ambayo haikuwepo, na baadhi yao wakaamini kwamba wao ndio waliokosea. Nilipunguza upanga na kuongeza vifaranga, wakasema "vifaranga". Mwishowe tuliliondoa neno lenyewe, tukaweka "samaki", ambaye kila mtoto humtaja bila kusita. Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, kaa na mwalimu aliyeandaa orodha ya maneno, mwondoe yale yasiyochoreka, kwa maana ugumu unapaswa kuwa katika kupanga silabi, si katika kubahatisha mchoraji alikusudia nini.

Herufi nazo ni michoro, ingawa wageni wengi wa kazi hii huzichukulia kama jambo la kuchagua fonti tu. Tafuta fonti ambayo "a" yake inafanana na ile ambayo mtoto huiandika daftarini, na usiruhusu vigae vizungushwe, kwa kuwa "d" ikipinduliwa huwa "p", na "n" huwa "u".

Ukubwa wa kigae usiuamue ukiwa mbele ya kompyuta. Mwongozo wa Android hupendekeza kitu cha kuguswa kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini) kila upande, yaani takriban milimita 9. Mimi huongeza zaidi, kwa sababu kidole hukifunika kigae kinapoburutwa, na mtoto asiyeiona silabi aliyoishika huiachia popote. Ni vyema pia kigae kikishashikwa kiinuke juu kidogo ya kidole.

Kuhusu rangi, usitofautishe jibu sahihi na kosa kwa kijani na nyekundu pekee, kwani wapo wasioweza kuzitenganisha rangi hizo. Ongeza alama ya vema na ya mkasi, ambazo mwanafunzi amekwisha kuzizoea daftarini. Kisha, ili kuujaribu mchezo, igeuze skrini nzima iwe ya kijivu, uitoe simu nje juani, na umpe mtoto ambaye hajawahi kuuona mchezo huo, nawe unyamaze.