Mume Anakoroma? Anza na Simu Yako

Nyumba nyingi za kupanga huku kwetu milimani, Mwanza, hazina dari. Ukuta unaishia njiani, juu ni bati moja la wapangaji wote, kwa hiyo mume akikoroma chumbani kwako mnamsikiliza nyumba nzima. Jirani yangu akinikuta bombani asubuhi huuliza: "Mama, boti yenu jana ilifika Ukerewe?" Tunacheka, ingawa asiyelala hachekeshwi kirahisi.

Wanawake wenzangu huniuliza dawa. Mimi nasema kwanza mjue anakoroma kwa sababu gani, maana zile za kupulizia kooni zinazouzwa mitandaoni sizipi hata shilingi yangu. Tatizo ni kwamba mkoromaji hajisikii. Baba watoto alikuwa anaapa kabisa kuwa naota. Nikamrekodi kwa simu. Sikuipeleka kwenye kundi la familia ili mashemeji wamcheke, kwa sababu mwanaume akishaaibishwa hapo mazungumzo yamekufa. Nilimpa asikilize peke yake. Akasikiliza, akairudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

Ukirekodi, kumbuka pia alilala vipi, alikula saa ngapi na alikunywa nini. Mtu akilala misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, na hewa ikipita pale penye wembamba hutikisa kimio na nyama laini za kaakaa. Chochote kinacholegeza au kubana njia hiyo kinaongeza kelele. Kwetu mambo yalionekana wazi: akilala chali ni vurugu, akilala ubavu kuna nafuu. Jumamosi akitoka kuangalia mpira na bia zake, hata ubavu hausaidii. Pombe hulegeza koo, na dawa za usingizi vilevile. Simkatazi mtu mzima kinywaji chake, ila tulikubaliana kiishe mapema, na ugali na sato visiliwe saa tano usiku.

Kumpiga kiwiko ageuke tumefanya wote, na wote tunajua baada ya muda mfupi karudi chali. Nilichukua fulana yake ya zamani nikaipeleka kwa fundi cherehani, ashone kamfuko mgongoni, katikati ya mabega, chenye kifungo. Ndani nikatia mpira wa tenisi. Fundi alipoambiwa kazi yake alicheka mpaka akasimamisha mashine, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mkewe naye anaweza kutengenezewa. Mwanzoni mzee alilalamika, sasa anaivaa bila kuambiwa. Na ukiwa hapo kwa fundi, mwombe futi yake upime shingo. Mwanaume akizidi sentimita 43, au mwanamke 41, ni moja ya dalili ambazo madaktari huziangalia wanapotafuta tatizo la kupumua usingizini.

Mito usirundike, inakunja shingo tu. Afadhali uweke tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kitanda kizima kiinuke kidogo. Hakikisha halitelezi.

Kiangazi pua nazo huziba kwa vumbi. Fua neti kwa sabuni ya kawaida na uianike kivulini, maana jua kali linaharibu dawa yake. Godoro ndilo la kuanika juani. Pua isafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Matone ya kuzibua pua ya duka la dawa yasizidi siku chache, la sivyo yenyewe ndiyo yanaanza kuziba. Sigara sihitaji kueleza. Kitambi nacho, hata kama hapa mjini bado tunakisifia kama cheti cha maisha mazuri, mafuta ya shingoni yanabana koo.

Sasa, kuna kukoroma ambako si kwa fulana wala tofali. Sikiliza rekodi yako sehemu zenye kimya. Akikoroma, akanyamaza sekunde 10 au zaidi huku kifua kinahangaika, kisha akashtuka akitweta, na hayo yakijirudia usiku kucha, huo ni ugonjwa. Mchana utamwona anasinzia hata akiongea na wateja, anaamka na kichwa kinauma, na presha mara nyingi huwa juu. Kama anaendesha bodaboda au daladala usisubiri. Nenda naye kituo chenu cha afya, mwombe rufaa. Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza, wapo wataalamu wa masikio, pua na koo. Nenda na simu yenye rekodi, na uingie naye kwa daktari, kwa sababu yeye atajibu "nalala vizuri tu". Tiba mojawapo ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan wa Australia aliielezea mwaka 1981. Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo uliza bima mapema inagharamia nini.

Mtoto anayekoroma kila siku naye apelekwe, mara nyingi ni mafindofindo.

Kuhusu kuhama chumba, shoga zangu wanasema ni mwanzo wa kuachana. Sikubaliani nao. Jumamosi za mpira namwambia mapema, "Leo nalala na mabinti," nachukua shuka langu, na Jumapili tunakwenda kanisani pamoja bila kununiana.