Ukikabidhiwa Kuandika Wasifu wa Mzee Aliyelitumikia Kanisa

Katika parokia zetu nyingi, mzee akifariki jioni, usiku huohuo familia huwa imekwisha kumteua mtu wa kuandika wasifu wake, na mara nyingi huteuliwa kijana aliyesoma zaidi, au yule tu mwenye kompyuta. Nakuandikia wewe uliyepewa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa marehemu ni mzee wa aina tunayoifahamu sote: alifunga ndoa, akalea watoto, akawa katekista au mweka hazina wa kigango, yaani tawi la parokia, akatumika hadi miguu ilipomkatalia. Kwa muda niliofanya kazi hii nimeona kwamba wasifu hubebwa na matendo yenye tarehe na wahusika. Kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu na mpenda watu, kila atakayeshika kipaza sauti atalisema, na limekwisha kusemwa hata kwa watu ambao majirani walilisikia wakatazamana.

Anza na karatasi kabla hujaanza na watu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inaagiza kwamba kipaimara na ndoa ya mwamini viandikwe pia kwenye rejista ya ubatizo wake, kwa hiyo mstari mmoja katika parokia alikobatiziwa unaweza kukupa tarehe tatu ambazo wanafamilia wangebishania mpaka alfajiri. Piga simu ofisi ya parokia hiyo asubuhi na mapema, ukiwa na jina lake la ubatizo, jina la baba yake na mwaka unaokadiriwa. Wazee wengi mwaka wao wa kuzaliwa ni wa kukisia, na kitambulisho kinaweza kusema hivi huku cheti cha ubatizo kikisema vile; hapo andika kwamba anakadiriwa kuzaliwa mwaka fulani, usichague tarehe kwa sababu inapendeza.

Ukitaka mfano wa maisha ya kujifunzia, mtazame Mwalimu Julius Nyerere, ambaye habari zake zinafahamika kwa wengi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na Mugaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo, naye akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akiwa na umri wa miaka 21. Mwandishi mwoga angeruka miaka hiyo 21 aanzie kwenye ubatizo, au angeificha ndoa ya mitala ya baba. Usifanye hivyo kwa mzee wako. Nyumba aliyotoka ndiyo inayoonyesha kwamba imani aliichagua mwenyewe akiwa mtu mzima, na ndugu zake wa mama wengine watakuwa wamekaa pale msibani wakisikiliza kama watatajwa.

Vivyo hivyo na ibada. Kusema kwamba Mwalimu alikuwa Mkatoliki thabiti hakutoshi, wakati unaweza kusema kwamba alihudhuria Misa ya asubuhi kila siku alipoweza, hata akiwa Rais, na kwamba baada ya kung'atuka mwaka 1985 aliutumia muda wake kutafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mzee wako huenda hakutafsiri chochote, lakini kuna jambo alilolifanya kila juma kwa miaka mingi, nawe huna budi kulitafuta. Swali ninalolitegemea kuliko yote ni hili: marehemu alishika funguo za nini? Ukiuliza alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa kwamba alikuwa mtu mwema. Ukiuliza funguo, utaambiwa za sakristia, za stoo ya kigango, za sanduku la zaka, na mara moja atajitokeza mtu wa kukueleza alikabidhiwa lini, na nani, na fedha zilikutwa zikiwa kamili au la. Soma pia daftari la jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani, kwani humo yamo mahudhurio, michango na majina ya wagonjwa waliotembelewa, na mwandiko wenyewe waweza kuwa wake.

Hapa kuna sehemu ambayo wengi huipitia juujuu, nami nakuomba uikalie kwa muda mrefu zaidi. Utumishi wa baba wa familia hulipiwa na watu wa nyumbani kwake. Nyerere alimwoa Maria Januari 1953, na Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu Pugu ili akitumikie TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika; mshahara ulipokoma, Mama Maria, ambaye naye alikuwa mwalimu, alifungua duka dogo Magomeni. Kila katekista aliyetembea vigangoni kwa posho isiyokidhi hata sabuni alikuwa na mke aliyepalilia shamba peke yake, na watoto waliosubiri ada. Kaa na mjane, kama hali yake inaruhusu, umwulize nani alilima siku ambazo mzee alikuwa safarini. Jibu lake liandike kama alivyolisema, kisha mwombe ruhusa ya kulisoma mbele ya watu. Wapo watakaokataa, na hiyo ni haki yao.

Usimtangaze mtakatifu. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumwombea Nyerere atangazwe mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, baada ya kutimia ile miaka mitano ambayo Kanisa hutaka ipite tangu kifo, naye alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mchakato kama huo huchunguza maisha yote, na katika maisha yake imo sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini, na wamo wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa katika Operesheni Vijiji. Ikiwa Kanisa lenyewe halioni haraka, wewe mwenye siku moja na nusu huna sababu ya kuwa nayo. Ugomvi wa familia hauhitaji kusomwa makaburini, lakini usiandike kwamba hakuwahi kugombana na mtu, maana aliyegombana naye atakuwa amebeba jeneza.

Mwisho ni mahali pa kusomea. Mwongozo wa jumla wa Misale ya Kiroma, yaani kitabu cha Misa, namba 382, unataka mahubiri mafupi katika Misa ya wafu na hauruhusu hotuba ya kumsifu marehemu ichukue nafasi yake. Zungumza na paroko mapema: wengine huelekeza wasifu usomwe nyumbani kabla ya kwenda kanisani, wengine baada ya sala ya baada ya Komunyo. Popote utakaposomwa, usizidi kurasa mbili, na kabla ya kuchapa mpe mtoto mkubwa wa marehemu ayakague majina ya wajukuu moja moja. Nakala moja ipeleke ofisi ya parokia, kwa kuwa familia itaihitaji tena siku ya kubariki kaburi, na ile ya nyumbani huwa imekwisha kupotea.