Embe limetulia, halijatengemaa

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari hapa Ujiji. Maandalio niliyorithi kwa mwenzangu yanasema mvua kubwa za alasiri, msimu wa joto, husababishwa na "uwepo wa hali ya kutokuwepo kwa utulivu katika angahewa". Wanafunzi waliniuliza maana yake, nikababaika. Je, ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Pole, mwalimu. Uwepo na kutokuwepo ndani ya sentensi moja! Hata mimi ningebabaika.

Nianze na huo uwepo, maana tuna ugomvi wa siku nyingi. Wazee walisema kuwapo: kuwa, na -po ya mahali. Watu wakalilegeza likawa kuwepo, nikanyamaza. Kuwepo likazaa uwepo, na mtoto huyo hashibi. Siku hizi kusema "mvua inanyesha" ni kama kwenda ofisini na kandambili. Sharti iwe "kuna uwepo wa mvua".

Nilikuwa mwaloni Kibirizi, nasubiri boti. Kipaza sauti kikakohoa, kikatangaza: "Kutokana na uwepo wa dalili za kuwepo kwa mvua, abiria mnaombwa kuwepo na subira." Maneno 14. Hatua chache kutoka pale, mama mmoja aliyeanika dagaa mchangani aliinua macho, akaliona wingu linavyotutumka juu ya ziwa, akapiga kelele: "Mvua! Anueni!" Maneno mawili. Dagaa wakawa wamekwishafunikwa turubai kabla ya tone la kwanza. Mimi nililowa nikisubiri kitenzi.

Jaribu mwenyewe kuliondoa neno hilo uone kama kuna kilichopungua. Uwepo wa joto kali ni joto kali. Uwepo wa mawingu ni mawingu. Juzi nimeletewa kadi ya harusi: "Uwepo wako ni muhimu." Nikatamani kuwapelekea uwepo wa mchango, mchango wenyewe ubaki mfukoni.

Angahewa haina taabu: anga ni la kwetu, hewa tumeazima kwa Waarabu. Taabu ya pili ni utulivu, na hapo ndipo wanafunzi wako walipokwama, kwa haki. Ikumbuke alasiri ya Novemba hapo Ujiji kabla ya mvua: fukuto, shati limeganda mgongoni, jani la mwembe halitikisiki. Muulize yeyote barazani, atakwambia hewa imetulia tuli. Saa hiyohiyo ndiyo maandalio yako yanayoiita ya kukosa utulivu!

Chukua embe, Ujiji hamkosi. Liweke juu ya kichuguu. Limetulia. Mbuzi akipita akaligusa kidogo, linabingirika mpaka chini, wala halirudi. Sasa liweke ndani ya kinu, ukitikise: litayumba, kisha litarudi palepale. Yote mawili yalikuwa yametulia, lakini la kinuni tu ndilo lililotengemaa.

Hewa nayo ni hivyo. Jua likichoma ardhi, fungu la hewa ya chini hupata joto, likawa jepesi, likapanda. Kabla ya kutunga wingu hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Mvuke wake ukianza kugeuka matone, hutoa joto, na kule kupoa kunapungua hadi nusu hivi. Ikiwa hewa inayolizunguka huko juu ni baridi kuliko lenyewe, nani atalizuia? Litapanda hata kilomita 15 na zaidi, ndipo usikie ngurumo. Ziwa Tanganyika nalo, maji yake ya juu yakiwa na nyuzi 25 hivi, halichoki kuongeza mvuke. Bila mvuke, joto ni bure: waulize watu wa Tabora, Septemba jua linawaka na tone hawalioni. (Na usiziite mvua hizo masika. Kwenu ni mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Vuli na masika waachie wa Kakonko na Kibondo.)

Kwa hiyo ubaoni andika: "Mvua kubwa za alasiri hunyesha hewa ikiwa haijatengemaa." Utulivu uuache kwa upepo na kwa darasa. Wapo watakaotaka "hewa isiyo thabiti". Sina neno, inaeleweka, ingawa mimi nikisikia thabiti naona nguzo.

Mtihani ukija na kauli ile ya zamani, waambie waandike hivyohivyo wapate alama zao. Sitaki mtoto wa mtu afeli kwa ugomvi wangu na uwepo.