Maswali ya watoto na programu ya darasa

SWALI: Nafundisha mwaka wa pili wa shule ya msingi, watoto 54. Katika mafunzo tuliambiwa tufuate udadisi wa watoto. Sasa wanauliza kila siku kwa nini wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, huenda ziwani usiku na taa. Lakini inspekta anataka kuona masomo ya programu (mtaala). Nifuate lipi?
Mwalimu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Yote mawili, Mwalimu. Swali litoke kwa watoto, ila wewe ujue kabla ya kuanza litabeba masomo gani. Daktari Mbelgiji Ovide Decroly, aliyefungua shule yake Brussels mwaka 1907, aliipanga kazi hii hivi: kutazama kitu chenyewe, kukihusisha na mahali na nyakati nyingine, kisha kueleza kwa mdomo, mchoro, mikono au maandishi. Swali la sambaza linafaa sana, kwa sababu kitu chenyewe kinapatikana sokoni.

Usilijibu siku ile ile. Ukishasema kwamba taa huvuta vijidudu vya majini na samaki huvifuata, kazi imekwisha. Andika ubaoni kwanza wanachodhani wao, hata kama si kweli, na uache pale wiki nzima. Kisha nunua nusu kilo ya sambaza wakavu (wabichi wataoza na kujaza nzi darasani). Gawa watoto katika vikundi 9 vya watoto 6, kila kikundi samaki 30 hivi. Wapange makumi, wapime urefu kwa rula, wachore, waandike majina ya sehemu za mwili. Hapo umegusa hesabu, vipimo, sayansi na maandishi. Yaandike hayo kwenye fishi ya somo (karatasi ya maandalizi) kwa maneno ya programu yenyewe, na inspekta atayaona. Kuhusu nyakati, waulize wazee nyumbani: sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapo wanaokumbuka ziwa bila wao.

Vipindi vitatu kwa wiki, kwa wiki tatu, vinatosha. Vikundi 9 haviwezi kuongozwa kwa pamoja: viwili vishike samaki karibu nawe, vingine vifanye zoezi la daftari, kisha mbadilishane. Kikundi cha watoto 10 hakifai, kwani wawili watafanya na wanane watatazama. Angalia pia nani anauliza. Mara nyingi ni wale wale watano wa mbele, kwa hiyo pitia safu kwa safu, na anayeona haya amnong'oneze jirani swali lake. Waulize kwa Kiswahili. Kifaransa kitafuata kwa maneno machache waliyokwisha kuyashika kwa mikono.

Jambo moja silegezi hata kidogo: silabi na kusoma havingoji udadisi. Vifundishe kila asubuhi kwa utaratibu wake. Mtoto asiyejua kusoma atakwama katika kila swali lake mwenyewe.

Weka daftari moja la kutazamia: watoto 5 kwa siku, mstari mmoja kwa kila mmoja (“anahesabu kwa makumi bila msaada”). Kwa siku 11 za masomo umewapitia wote.

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 yuko maternele (chekechea). Kila siku anacheza na vizibo vya chupa, na jina lake hajui kuliandika. Nimhamishe?
Mama mzazi, Ibanda

JIBU: Bado, Mama. Kwa umri huo vidole vinajengwa na kazi hiyo hiyo ya kuokota, kupanga na kuchambua kwa rangi. Mwekee vizibo 10 mezani, ahesabu, kisha umwulize viko vingapi. Akianza kuhesabu upya kila unapouliza, bado hajashika kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Uliza pia kama mwalimu huwasogelea watoto na kuwauliza juu ya wanachofanya. Kama vizibo humwagwa tu chini na mtu mzima akaondoka, hapo una haki ya kulalamika. Na nyumbani, vizibo viwe mbali na mdogo wake wa chini ya miaka 3. Humezwa kwa urahisi.