Mnaofungia C++ kwa Python, acheni .get()

Wadogo zangu, nimepitia msimbo wenu wa wiki hii na .get() imerudi tena, ile inayochomoa pointa tupu (anwani tu, isiyojua mmiliki) kutoka kwenye shared_ptr, pointa inayohesabu wamiliki na kukifuta kitu wa mwisho akiondoka. Utetezi nao ni uleule: "kwangu inafanya kazi." Haya, kaeni tuongee.

1. Amua holda mapema, yaani pointa ambayo pybind11, maktaba yetu ya kufungia C++ kwa Python, inashikia kitu chako. Usipoandika kitu, pybind11 inakupa std::unique_ptr, ya mmiliki mmoja tu. Kama upande wa C++ unazungusha shared_ptr, andika py::class_<Kihisi, std::shared_ptr<Kihisi>>, basi.

2. Usirudishe pointa tupu ya kitu ambacho tayari kiko mikononi mwa shared_ptr. Hapa mnivumilie, kovu ninalo.

Nilikuwa na klasi Kituo, ndani yake vekta ya shared_ptr<Kihisi>: joto, unyevu, mvua. Fankshoni ya kumpa mtumiaji kihisi kimoja nikaifanya irudishe .get(), sera ya urejeshaji (inayoamua nani anamiliki kinachorudishwa) sikuigusa. pybind11 ikafuata desturi yake: pointa tupu ikirudishwa, Python anahesabiwa kuwa mmiliki. Ikatengeneza shared_ptr mpya yenye hesabu yake, bila habari kwamba Kituo kina hesabu nyingine. Kiwanja kimoja, hati mbili. Kigezo cha Python kikifa, Kihisi kinafutwa. Kituo kikifa, kinafutwa tena.

Skripti yangu ya majaribio ilitoa vipimo safi kabisa, kisha ikaanguka inapofunga: free(): double free detected in tcache 2. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema, aah, si imeshamaliza kazi? Nikabandika os._exit(0) mstari wa mwisho ili usafishaji usifanyike. Ikanyamaza. Na kwenye komiti nikaandika "imetengemaa", bila haya.

Kwa watumiaji programu haifungwi, inakesha. Kila fankshoni yao ilipomalizika, kigezo kilikufa na Kihisi kikafutwa, huku Kituo kikiendelea kusoma kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Joto likaanza kusomeka namba za kichawi. Nikalaumu vihisi. Kuna fundi alipandishwa mnara kubadilisha nyaya zisizo na kosa lolote. Nikikutana naye mpaka leo nainamisha uso. Dada mmoja mwandamizi ndiye aliyekompaili upya kwa AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu: heap-use-after-free (kumbukumbu imetumika baada ya kufutwa), na chini yake ilipofutiwa, ndani ya holda niliyosababisha mwenyewe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hii os._exit hapa inafanya nini?" Afadhali angenigombeza.

Dawa ni kurudisha shared_ptr yenyewe. Ikibidi kurudisha this, klasi irithi std::enable_shared_from_this. Pybind11 itaikuta hesabu iliyopo, haitaanzisha ya kwake.

3. Ukirudisha sehemu ya ndani ya kitu, isiyo na shared_ptr, tumia sera ya reference_internal: mzazi habaki nyuma kufa sehemu yake ikiwa bado inatumika.

4. Klasi ya Python ikirithi ya C++, nusu yake ya Python inaweza kufa wakati C++ bado imeshika shared_ptr, na mtaambiwa Tried to call pure virtual function. Toleo la 3.0 la pybind11 limeleta py::smart_holder, holda ya kutibu hilo. Sisi hatukuwa nayo, ninyi hamna kisingizio.

5. Kolbaki (fankshoni ya kuitwa baadaye) ya Python iliyohifadhiwa ndani ya C++ isiharibiwe bila kushika GIL, kufuli kuu ya Python. Na kama kolbaki hiyo nayo imemshika aliyeihifadhi, gc.collect(), mfagiaji taka wa Python, haitauona mzunguko huo, kwa sababu haijui kilichomo ndani ya kitu chako cha C++. Tumia weakref, rejeo lisilokizuia kitu kufutwa. Aliyeniuliza kwa nini kumbukumbu ya seva inapanda tu, anzia hapo.