Mraba ulioinamishwa na jina la "almasi": ninavyofundisha poligoni

Mwalimu mwenzetu ameeleza kwamba wanafunzi wake wa darasa la nne huutaja mraba bila kusita ukichorwa umekaa sawa ubaoni, lakini ukiinamishwa tu wanauita almasi, naye anauliza amekosea wapi. Tatizo hilo lilinisumbua miaka kadhaa, mpaka nilipobaini kuwa chanzo kilikuwa michoro yangu mwenyewe, kwa maana kila pembetatu niliyochora ilikalia kitako na kila mstatili ulikuwa umelala. Walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walieleza mwaka 1957 kwamba mtoto huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kisha huziona sifa zake, na baadaye ndipo huelewa uhusiano wa sifa hizo. Kinachompandisha ngazi ni mafunzo anayopewa kuliko umri wake.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na majina. Natenga kadi katika mafungu mawili bila kusema neno, huku poligoni na huku duara, umbo lenye mwanya na lile ambalo mistari yake inakatana, nawaachia wanafunzi waseme kanuni niliyofuata, nasi tunairekebisha pamoja hadi tukubaliane kuwa poligoni ni umbo bapa lililofungwa, lenye pande zilizonyooka zinazokutana nchani tu. Ubishi mkubwa huletwa na pembenne iliyobonyea ndani mfano wa ncha ya mshale. Mwanafunzi mmoja alishikilia kuwa ni pembetatu, maana aliziona ncha tatu zilizochomoza. Nilimwomba atie alama kwenye kona ya kuanzia, kisha apitishe kidole ukingoni akihesabu pande. Alipofika kwenye kona iliyoingia ndani alisimama, akanitazama, akasema polepole, "Nne."

Kuhusu almasi, dawa niliyoiona ikifanya kazi ni mirija minne yenye urefu sawa iliyopitishwa uzi na kufungwa. Mwanafunzi huunda mraba, huuhakiki kwa kona ya karatasi ambayo ni pembe mraba, kisha huuzungusha mezani na kuhakiki tena: hakuna kilichobadilika. Halafu huubonyeza kwa ubavuni, na hapo pande hubaki sawa ilhali pembe hubadilika, nao huwa rombasi isiyo mraba. Kuzungusha na kubonyeza ni vitendo viwili tofauti kabisa, na mikono ya mtoto hulielewa jambo hilo kabla ya maneno yangu. (Mwape pia mirija mitatu, waone jinsi pembetatu inavyokataa kuyumba.)

Kwamba mraba ni mstatili pia huchukua siku nyingi zaidi, wala sioni sababu ya kuharakisha. Nauliza mstatili unadai nini, wanajibu pande nne na pembe mraba nne, kisha tunaukagua mraba kwa madai hayohayo. Kwa trapeza, yaani pembenne yenye jozi ya pande sambamba, fuateni fasili ya kitabu chenu, kwani vitabu hutofautiana.

Katika jaribio, badala ya kuwapa maumbo wayataje, nawaagiza wachore pembesita mbili zisizofanana hata kidogo. Anayechora moja iliyobonyea ndani namhesabu kuwa ameelewa; anayerudia ileile yenye pande sawa namrudisha kwenye kadi.