Kabla hujawajibu chuo

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua ya chuo uliyonitumia nimeichapisha na kuipitia mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Swali lako nimelielewa: chuo hicho binafsi cha Marekani, unakotaka kusomea uuguzi, ni kidogo, kizuri, kimekukubali, barua inaonyesha salio la kulipa ni sifuri, na wanasema asilimia 96 ya wahitimu wao wako kazini au wanaendelea na masomo ndani ya miezi sita. Sasa mama anasita nini?

Nasita kwa sababu kila tarakimu waliyokuandikia imehesabu baadhi ya mambo na kuyaacha mengine, na yaliyoachwa ndiyo yatakayotudai.

Tuanze na hiyo sifuri. Gharama ya mwaka wameiweka dola 59,500: ada ya masomo 44,000, chumba na chakula 14,000, michango midogomidogo 1,500. Chini yake wameandika "msaada" wako: udhamini wa chuo 26,000, ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, 4,000, mkopo wa serikali 5,500, kazi ya mwanafunzi 4,000, mkopo wa Parent PLUS 20,000. Toa yote, kweli hakibaki kitu. Lakini hebu itazame tena. Fedha ambayo hakuna atakayeirudisha ni ya mistari miwili ya kwanza tu, dola 30,000. Mkopo wa 5,500 utaulipa wewe. Hiyo kazi ya mwanafunzi ni saa zako za maktaba au jikoni, unalipwa kidogokidogo kadiri unavyofanya, na siku ankara inapofika fedha hiyo bado haipo. Parent PLUS ni deni langu mimi, kwa jina langu, na riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku fedha inapotolewa. Wameliita msaada na kulipanga safu moja na ruzuku.

Kwa hiyo bei yako ni dola 29,500 kwa mwaka, kabla ya vitabu, sare za mazoezi ya hospitali na nauli. Kwa miaka minne ni 118,000, tena ikiwa ada haitapanda, na ada hupanda. Mikopo ya serikali ya kwako mwenyewe, kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, ina kikomo: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, halafu 7,500 kila mwaka. Jumla 27,000. Pengo linalobaki linaniangukia mimi, na mshahara wangu unaujua. Mali bila daftari hupotea bila habari, mwanangu, na daftari la chuo hiki inabidi tuliandike upya sisi wenyewe.

Wala hawako peke yao. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviionyeshi bei halisi katika barua za namna hii, ama huionyesha pungufu. Inaniuma, kwa sababu anayesoma barua hiyo mara nyingi ni kijana ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo.

Kuhusu udhamini, najua ulivyofurahi kuona jina lako kwenye cheti kile, na alama zako umezitolea jasho. Nimefurahi pamoja nawe. Ila ujue pia kwamba vyuo binafsi vya Marekani, kwa wastani, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Ni punguzo la bei, na bei iliyoshuka mara moja inaweza kushuka tena. Chuo hiki kinakubali takriban waombaji wanne kati ya watano. Maana yake kina nafasi za kujaza, na kila anayekubaliwa akaenda kwingine anawaachia kitanda kitupu na ada isiyolipwa. Waandikie ofisi ya misaada ya fedha, kwa adabu, uombe waitazame upya barua yako. Ambatanisha ofa uliyopata pia kutoka chuo kikuu cha jimbo, kile cha umma. Waulize pia, wakujibu kwa maandishi, kama udhamini utadumu miaka yote minne, kama utaongezeka ada ikipanda, na ni wastani gani wa alama utakaokufanya uupoteze. Mwaka wa kwanza wa uuguzi kuna kemia na anatomia. Alama hushuka hata kwa watoto hodari.

Chuo kinachoishi kwa ada za wanafunzi kina hatari nyingine. Mount Ida College, Massachusetts, kilitangaza Aprili 2018 kwamba kinafunga, na muhula uleule ukawa wa mwisho. Wanafunzi walibaki wakitafuta pa kuhamia na masomo yao nusu. Sisemi hiki chako kitafungwa. Nasema taarifa za fedha za vyuo vingi binafsi visivyo vya faida ni za wazi, zinaitwa Fomu 990, na wewe na mjomba wako mnaweza kukaa jioni moja mkaangalia kama mapato yanapungua mwaka hadi mwaka.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, nami ndilo linaloninyima usingizi. Barua inasema umekubaliwa chuoni, "unakusudia kusomea uuguzi". Hilo neno kukusudia lisomee kwa makini. Vyuo vingine humpokea mwanafunzi moja kwa moja kwenye programu ya uuguzi. Vingine humwacha asome sayansi mwaka mmoja au miwili ndipo aombe upya, akishindana na wenzake kwa nafasi chache. Ukikosa pale, una deni la miaka miwili na huna njia ya kuwa muuguzi bila kuhama. Uliza wanaoomba ni wangapi na wanaochukuliwa ni wangapi. Uliza pia kama programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa masomo ya uuguzi.

Na hiyo asilimia 96? Inawezekana ni ya kweli kabisa. Lakini imehesabu wahitimu waliojibu dodoso. Asiyejibu hayumo, na aliyeacha masomo katikati hawezi kuwemo, maana hakuhitimu. Wala haisemi kazi gani: anayehudumia dukani saa chache kwa wiki anaweza kuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo tafuta kwanza kiwango cha kuhitimu. Serikali huwapima wanafunzi wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza, wa muda wote, ndani ya miaka sita, ingawa shahada ni ya minne. Halafu fungua College Scorecard, tovuti ya wizara ya elimu. Mapato wanayoonyesha miaka kumi baada ya kuanza chuo yanawahesabu hata walioondoka bila shahada, ilimradi walipokea msaada wa serikali kuu. Kwa chuo kidogo utakuta baadhi ya programu hazina takwimu, kwa kuwa watu ni wachache mno na siri zao hulindwa.

Kwa bahati nzuri, uuguzi una kipimo kigumu kuliko dodoso: mtihani wa leseni, NCLEX-RN. Bodi nyingi za uuguzi za majimbo huchapisha kiwango cha kufaulu cha kila shule kwa wanaoufanya mara ya kwanza. Kichukue, kisha ukiulize chuo: walioanza pamoja na kundi hilo walikuwa wangapi? Shule inayowaondoa nusu ya wanafunzi njiani inaweza kuonyesha ufaulu mzuri sana.

Usidhani nakichukia. Madarasa ya watu ishirini ni neema, na yule mwalimu wa baiolojia aliyekaa nawe akakuonyesha maabara, akakuuliza unaogopa nini, mtu kama huyo ndiye atakayekuandikia barua ya kukupendekeza inayokueleza wewe ulivyo. Chuo kikubwa huenda usimpate. Kwa hilo niko tayari kulipa zaidi ya chuo cha jimbo. Si dola 20,000 za Parent PLUS kila mwaka, lakini zaidi kidogo, ndiyo.

Mwisho wa kujibu ni Mei 1. Waandikie wiki hii. Wakikuhakikishia nafasi ya uuguzi na udhamini wa miaka minne kwa maandishi, na pengo likashuka hadi pale tunapoweza kulibeba wote wawili, nitatia sahihi siku hiyohiyo. Wakikwepa lolote kati ya hayo, nenda chuo cha jimbo, nami nitakuja kukusaidia kuhamia.

Nakupenda sana,
Mama yako